Wimbo wa Kupura Ulezi

Jumapili iliyopita, kanisani Mpui, nilimsikia shangazi akiimba beti zote za wimbo mrefu bila kutazama kitabu, nikakumbuka mchana mmoja wa kupura ulezi, nilipokuwa mtoto.

Makapi yalinukia nyasi kavu na kuniwasha shingoni. Shangazi alianzisha wimbo, wanawake wakaitikia, fimbo zikashuka kwa pamoja. Katikati ya ubeti akanyamaza, akanigeukia.

"Mwanangu, hapa tunasemaje? Nimesahau."

Niliamini kabisa kwamba nisipomkumbusha, fimbo zitasimama na ulezi utabaki kwenye masuke yake, tukose uji. Nikapaza sauti, nikauimba ule mstari. Wanawake wazima wakaniitikia mimi, na fimbo zikashuka. Akasahau tena, na tena, mpaka jua likapoa. Nilirudi nyumbani nikimwonea huruma, kichwa chake kilivyochoka mapema.

Siku hizi nafundisha kwaya ya watoto kule Izia, na sauti yangu haimwogopi mtu tena. Baada ya misa ile ya Mpui nilimpa shangazi shikamoo yake, nikamuuliza kama kweli wimbo ule wa kupura ulikuwa unamtoka kichwani.

"Ungenitokaje," akasema, "na niliutunga mwenyewe?"