Zamu ya Batty Lavelle

Usiku ule Batty Lavelle alipotoweka kwenye baa ya Attracta, mimi sikulala. Niliketi jikoni nikitia vipande vya mboji iliyokaushwa, ndiyo kuni zetu, kwenye jiko, na kila mbwa alipobweka nilikwenda dirishani. Mwanangu Ruadhán alikuwa nje na wanaume wengine, wakimulika mitaro kwa tochi. Mume wangu Tadhg alisema mara moja tu, "Nuala, njoo ulale, yule mzee anaijua njia hata akifumba macho," kisha akaanza kukoroma. Mimi akilini mwangu nilikuwa nimekwisha kumwona Batty ndani ya mtaro, uso chini, kofia yake ikielea kando.

Kulipopambazuka Ruadhán aliingia, amelowa chapachapa.

"Yuko hai," alisema. "Attracta ameona moshi kwenye dohani yake. Yumo nyumbani kwake. Alikuwamo usiku kucha, Mama. Tuligonga, tukaita, na alikuwa anatusikia."

"Sasa kwa nini asiitike?"

Alikaa chini avue buti, akaishika moja mkononi bila kuiweka. "Nadhani ni kwa sababu ya bia yangu."

Batty alikuwa na miaka sabini na kidogo. Maisha yake yote ya kazi aliziba mashimo ya barabara za serikali ya wilaya, sepetu begani, mvua mgongoni. Hakuoa. Alimuuguza mama yake mpaka mwisho, na baada ya hapo akabaki peke yake kwenye ile nyumba ya vyumba viwili karibu na daraja. Hakuwa msemaji. Siku yake ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo alinyoa, akachana nywele kwa maji, akaenda kwa Attracta kukaa na wenzake meza ya dirishani.

Kwetu mtu akikaa na wenzake hajinunulii bia akanywa peke yake. Ananunulia meza nzima, na meza nzima inamnunulia yeye, kila mmoja kwa zamu yake. Mtu anaweza kusamehewa mengi hapa. Kuna mwanamume aliyekimbia na mke wa jirani, na leo anaimba kwaya. Lakini anayekunywa za wenzake akaondoka kabla ya zamu yake, huyo hata wajukuu zake watakumbushwa. Batty hakuwahi kukosa zamu. Mwaka mmoja alipolala na mafua, alimtuma tarishi wa posta akawanunulie wenzake, na yeye yuko kitandani.

Ruadhán naye alikuwa akifanya kazi kiwanda cha maziwa. Kilipofungwa, nilidhani atakwenda Australia kama wengine, nikaanza kulia mapema. Hakwenda. Alisafisha banda letu la ndama, akanunua matangi mawili ya maziwa yaliyotupwa, akaanza kupika bia. Nilikuwa nikienda kunusa mlangoni, nikiogopa atalipuka nalo. Ilitoka nyekundu kama chai kali, na Attracta, ambaye ana roho nzuri kuliko sura anayoionyesha, akampa bomba moja kwenye kaunta yake.

Tatizo lilikuwa bei. Bia nyeusi ya kampuni kubwa ilikuwa yuro tano na nusu kwa painti, yaani glasi moja kubwa. Ya Ruadhán ilikuwa saba.

"Saba?" aliuliza Mossie Tarpey jioni ile ya kwanza. Mossie ndiye mdomo wa meza ya dirishani. "Kwani ndama bado yumo ndani?"

"Mossie, wale wakubwa wanapika bia nyingi zaidi kwa asubuhi moja kuliko mimi kwa mwaka," Ruadhán alisema. "Kimea nanunua magunia machache, hakuna anayenipunguzia bei. Maua machungu ya kuipa bia ukali yanatoka mbali. Kodi ipo. Na mfanyakazi ni mmoja, hajapata mshahara mpaka leo."

"Kwa hiyo tunalipia udogo wako."

"Mnalipia ladha."

Batty alikuwa amefika mapema, meza haijajaa, na alikuwa amejinunulia painti moja ili aonje. Alinywa kidogo, akaishikilia mdomoni, akatazama dari.

"Ganda la mkate," alisema. "Lile la chini, lililoungua kidogo. Halafu nyuma yake kuna kitu kama chungwa."

"We Batty, chungwa umelila lini?"

"Kila Krismasi. Kwani wewe kwenu mlikuwa mnapewa nini, kiazi?"

Meza ikacheka mpaka Attracta akageuka. Ruadhán akanitupia jicho, akauliza, "Inafaa saba, mzee Batty?"

"Inafaa. Inafaa hata nane, ila usimwambie Attracta."

Basi tulirudi nyumbani tunaimba. Lakini wiki zilizofuata bomba la Ruadhán lilikaa karibu kavu. Waliokunywa ni wapita njia tu, na watalii wa baiskeli. Meza ya dirishani iliisifu na kuagiza nyeusi. Ruadhán akadhani ni uchungu, akaupunguza. Akadhani ni rangi, akaibadilisha. Mpishi anayeshindwa kulala ni mpishi mbaya, na kwa muda bia ile ikawa kama maji ya kuoshea vikombe.

Mimi nilikuwa nikikaa karibu na moto na glasi yangu ya limau, nikiangalia. Nina tabia ya kuangalia, watoto wangu wanaichukia. Nikaona kwamba Batty alifika kila Ijumaa kabla ya wenzake, akanywa ile nyekundu taratibu, peke yake, kama mtu anayesoma barua ya nduguye. Wenzake walipoingia aliisukuma glasi pembeni na kusema, "Nyeusi, kama nyinyi."

Siku moja nikamwuliza kwa nini.

"Nuala, nitawezaje?" alisema chini chini. "Mimi nikiwanunulia wao nyeusi, wao waninunulie mimi ya saba? Si nitakuwa nakunywa mifuko yao? Nikiwa peke yangu, ladha ni yangu na bei ni yangu. Mezani hapana."

Nilikusudia kumweleza Ruadhán mwisho wa wiki, tukiwa tumetulia. Ijumaa ikatangulia. Siku hiyo duka moja la mji wa Westport lilikuwa limeagiza makreti ya bia yake, na mwanangu aliingia kwa Attracta amejaa furaha, akavuta kiti meza ya dirishani, akawa wa tano.

"Leo naanza mimi!" alisema. "Attracta, nyekundu tano!"

Niliona nyuso zao zikibadilika. Walikunywa, wakashukuru, wakasifu kwa kweli, maana ile bia ilikuwa imerudia uzuri wake. Kisha ikafika zamu ya Mossie. Aliyekupa nyekundu huwezi kumrudishia nyeusi. Mossie akaagiza nyekundu tano. Anayemfuata naye, vivyo hivyo, akihesabu polepole pale kaunta. Batty alikuwa wa mwisho. Mkono wake uliingia mfukoni ukakaa humo humo; nyekundu tano ni yuro thelathini na tano, na nilijua hana. Wa nne alipokuwa bado anasubiri Attracta ajaze glasi, Batty alisimama, akasema anakwenda msalani, akapita mlango wa nyuma.

Hayo ndiyo niliyomwambia Ruadhán asubuhi ile, na maji ya buti yake yakitiririka sakafuni.

"Lakini mimi nilikuwa nawapa zawadi," alisema.

"Pale mezani hakuna zawadi, mwanangu. Kuna zamu."

Ijumaa iliyofuata kiti cha Batty kilikuwa kitupu, na ya pili yake vilevile. Mahitaji yake alikwenda kununua mji mwingine, kwa basi, ili asipite mbele ya baa. Ruadhán alimwachia chupa sita mlangoni. Kesho yake tulizikuta kwenye lango letu, hazijafunguliwa, zimefutwa maji ya mvua moja moja. Mossie naye, kwa wema wake, akaenda akasimama barabarani na kupaza sauti mpaka ng'ambo ya daraja wakasikia: "Batty! Ile zamu tumekusamehe!" Pazia likavutwa.

"Mossie," nilimwambia, "sasa ndiyo umemmaliza."

Usingizi ukanihama tena. Nilimfikiria yule mzee akila mkate wake amesimama, redio imezimwa asijulikane yumo. Nikamwambia Ruadhán, "Nenda ukamdai."

"Nimdai? Mama! Mzee wa watu?"

"Mdai. Kusamehewa ndiko kunakomuua."

Ijumaa ya tatu tulikwenda pamoja. Tulizunguka nyuma ya nyumba, maana mlango wa mbele wa Batty haujafunguliwa tangu jeneza la mama yake litoke. Ruadhán aligonga.

"Mzee Batty! Zamu yako!"

Ruadhán akagonga tena.

"Watu wamekaa na glasi tupu, mzee. Mossie anakutukana."

Ndani kiti kilisogea. Sauti ikatoka mbali, kama ya mtu aliyekwisha kusahau kuongea. "Anasema nini?"

"Anasema wilaya nzima ya Mayo hakuna bahili kama wewe."

"Mossie?" Sauti ikakaribia. "Mossie anayeanika majani ya chai ayatumie tena?"

"Huyo huyo."

"Mko wangapi?"

"Watano, pamoja na wewe."

"Wanakunywa nini?"

"Nyeusi. Wote."

"Na wewe?"

"Nyeusi."

"Muongo. Wewe nyeusi huipendi."

"Siipendi," Ruadhán alisema. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mlango. "Lakini ndiyo utakayoninunulia. Yangu haiingii tena kwenye zamu, nimeelewana na Attracta. Mtu akiitaka ajinunulie mwenyewe, kabla wenzake hawajafika. Bei ni ile ile. Siipunguzi, mzee, nikiipunguza nafunga banda."

"Nani kakwambia uipunguze? Nilisema inafaa saba. Mimi sisemi kitu nikageuka."

Kisha tukasikia hatua zake zikizunguka chumba. Nilianza kuogopa kwamba tumesema mno, kwamba nimemtuma mwanangu kumtonesha mzee kidonda.

"Mama yako yupo hapo?"

"Nipo, Batty," nikasema.

"Unalia?"

"Ni mvua."

"Mvua imekatika tangu mchana."

Komeo likavutwa, likakwama, likavutwa tena. Mlango ulifunguka, na Batty alikuwa amesimama pale, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, nywele zimechanwa kwa maji, kofia mkononi.