Siku Mama Alipompikia Mtafiti Samaki Wake

Enzi zetu pale shule ya Nyalenda, sayansi ilikuwa ubaoni. Mwalimu Ouma, aliyetufundisha darasa la saba, alichora hadubini kwa chaki kila mwaka, akaijaza mishale na majina ya sehemu zake, nasi tukanakili. Ya kweli hakuwahi kuiona. Ukimuuliza inaonyesha nini, alikujibu, "Wewe chora, mtihani hauulizi hayo."

Muhula mmoja walimu wa sayansi wakaunganishwa na watafiti vijana. Wetu akapewa Atieno, msichana wa utafiti wa samaki, aliyekuja na suruali ya jinzi na hadubini ndani ya sanduku. Somo la vitendo likifanyika, hadubini ingebaki kwetu. Lisipofanyika, ingepelekwa shule nyingine. Mwalimu Ouma alikonda wiki hiyo. Ijumaa akaja na tai ya harusi yake.

Asubuhi hiyo Atieno alileta samaki sita aina ya ngege, wa kupasuliwa darasani saa tano. Akaweka ndoo kivulini, mlangoni mwa jiko la shule. Mpishi alikuwa mama yangu.

Saa tano ilipofika, ndoo ilikuwa tupu. Ngege walikuwa ndani ya sufuria, wametulia kwenye nyanya na vitunguu, na harufu imefika hadi darasa la kwanza.

"Yawa! Mgeni amekuja na samaki yake mwenyewe, halafu mimi nimpe githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku?" Mama alifoka. "Mnataka aende kutusema?"

Mwalimu Ouma aliketi juu ya kuni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Atieno alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza, "Mama, magamba umetupa wapi?"

Darasa zima tulipiga magoti nyuma ya jiko, tukaokota magamba. Atieno akaweka moja chini ya hadubini, akamwita Mwalimu kwanza. Mwalimu akainama, akafumba jicho moja.

"Kuna mistari ya duara," akasema. "Mingi."

Hakutoka pale mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Sisi tuliambiwa hadubini ingebaki, nasi tungeangalia Jumatatu.

Siku hizi binti yangu huivuta picha ya gamba la samaki kwa vidole viwili mpaka inajaa kioo cha simu. "Sawa, Mum," anasema, na kuhamia kwenye video za densi. Namwonea huruma, ingawa yeye ndiye anayenihurumia mimi. Hajawahi kungoja kitu Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Jumatatu ile tulifika shuleni kabla ya mwenye funguo, tukamkuta Mwalimu Ouma tayari amesimama mlangoni.