Mgongo wa Mama Yake Bibi

Nilimchora masharubu mama yake bibi. Tena masharubu yenye ncha zilizopinda juu, kwa kalamu nene ya wino mweusi ya shuleni, kisha nikarudi nyuma kidogo kutazama nikaona nimeua.

Usinihukumu bado, rafiki yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na huyo mama yake bibi alikuwa mwanamke wa Kirusi kwenye picha.

Juzi mwalimu wa sanaa alituwekea ukutani michoro ya Warusi wa zamani: wakulima, mashamba, farasi waliochoka. Wenzangu wakacheka, eti mmoja anakaa kama anasubiri basi. Kwa mizaha ya namna hiyo mimi ndiye kinara. Safari hii nilinyamaza, hata mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Picha kama mojawapo ya hizo ilining'inia sebuleni kwa bibi, ghorofani Ilford, London, juu ya televisheni. Babu, ambaye sikumkuta, alikuja nayo kutoka Urusi alikokwenda kusomea kilimo. Mwanamke kaketi kando ya shamba, kitambaa kichwani, mundu chini, ananyonyesha. Kila Jumamosi mama alipokwenda kazini nilishinda huko. Nyumba ilinukia chai ya karafuu na samaki wa kukaanga, madirisha yakitetema treni ikipita. Bibi alinipa sinia nichague mchele, nitoe mawe. Mchele wa dukani London, bana, una jiwe gani? Lakini tulichagua, naye macho yake yako ukutani.

"Yule mama yangu."

"Bibi, yule mzungu!"

"Mzungu uso tu, we mtundu. Hebu tazama mgongo. Mtu aliyevuna mpunga tangu alfajiri hukaa vile vile."

Mama yake bibi alifia Pemba, hakuwahi kupigwa picha hata moja. Hilo nilikuwa nalijua. Nikachora hivyo hivyo, bibi akiwa chumbani anasali.

Alipotoka akaona. Hakufoka. Alichovya kitambaa majini, akafuta taratibu, wino ukatambaa mashavuni, pua ikazama, mpaka uso wote ukawa doa. Mimi bado nacheka. Akakaa kwenye kochi, kitambaa mkononi kinachuruzika juu ya kanga yake.

"Basi, mwanangu," alisema. "Basi."

Sasa bibi hayupo. Nyumba ile wamepewa watu wengine, na hakuna tena anayenikalisha chini nitafute mawe yasiyokuwepo. Picha tunayo sisi, mgongo ungali mzima.

Jioni ile ya masharubu, mama alipokuja kunichukua, tulipoingia kwenye lifti nikaanza kujitetea. Nikamwambia bibi ananuna bure, kwani si yeye mwenyewe aliyesema tutazame mgongo? Mama alibonyeza kitufe, akangoja mlango ujifunge, akasema:

"Uso wa mama yake alishausahau zamani. Ule alikuwa ameuazima, nawe umemnyang'anya."