Mayai ya Kaka Yangu

Nilipokuwa katika umri ule wa kurefuka kila wiki, kazi ya kuku ilikuwa yangu na mayai yalikuwa ya kaka yangu. Tulikuwa tumepanga nyumba ya mabati Kitengela, mwanzo wa miaka ya tisini, wakati ambapo ukitoka nje ya ua uliona nyumbu wakila nyasi ng'ambo ya barabara. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha saruji. Mama alifuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, na mimi ndiye niliyefagia kibanda chao, nikawatilia maji, nikapekua viota na kuyatoa mayai yakiwa bado na joto. Nilimkabidhi Mama, Mama akachemsha, Wafula akala. Wafula alikuwa mkubwa wangu, na alikuwa na afya ya kuudhi.

Sisi ni watu wa upande wa Bungoma, na huko kwetu kuku na mayai vilikuwa vya wanaume. Mwanamke alimnyonyoa kuku, akampika, akampakua, kisha akaketi jikoni kula mboga. Msichana akila yai, tuliambiwa, tumbo lake litafunga na hatazaa. Hakuna aliyewahi kunieleza tumbo linafungwa vipi, wala kwa nini la mvulana halifungwi. Mama, ambaye alikuwa mtu wa kanisa, alikuwa ameanza kulegeza sheria hiyo. Kisha Kukhu, mama yake Baba, akaja kwetu kutibiwa macho, na sheria ikashuka naye kwenye basi.

Mwaka huohuo nilianza kuanguka shuleni. Tukisimama gwaride asubuhi, jua la Kitengela likishaanza kuuma, bendera ilizunguka mbele ya macho yangu na nikajikuta chini, wasichana wakinipepea kwa sketi zao. Mama alinipeleka zahanati. Muuguzi alinipima, akanivuta kope ya chini, akasema mtoto huyu anakua haraka kuliko anavyokula. Akataja maharagwe, maziwa, mboga, na yai kila siku tukiweza. Tulipofika nyumbani Mama alimsimulia Kukhu kila kitu isipokuwa hilo la mwisho.

Mama hakuwa mtu wa kugombana na mama mkwe. Alichofanya ni kuvunja yai ndani ya unga wa chapati, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa. Chapati zikatoka laini ajabu. Kukhu alikula, akaongeza, akamsifu Mama kwamba amejifunza kupika tangu aje mjini. Mimi na Mama hatukuthubutu kutazamana. Nilicheka moyoni, lakini sikukaa sana kabla ya kukasirika. Yai moja lililogawanywa kwa watu watano lingenifikia kiasi gani? Na kwa nini nilishwe dawa yangu kama kitu cha wizi, ilhali mikono iliyolitoa yai kiotani ilikuwa yangu?

Kilichonifungua macho ni mama mmoja Mmaasai aliyetuletea maziwa. Tulimwita Yeyo, kama wanawe walivyomwita. Siku moja Mama alitaka kumpa mayai ya shukrani, naye akacheka hadi akafunika mdomo kwa shuka. "Kuku ni ndege," akasema. "Kwetu hata mzee hawezi kula hiyo kitu. Utakulaje ndege?" Nilibaki nimeshika bakuli. Kwa Yeyo yai halikuwa chakula cha mtu yeyote. Kwetu lilikuwa chakula cha wanaume. Na wanawake wa Kikamba waliopanga jirani na sisi walikaanga mayai kila Jumamosi, waume kwa wake, na watoto wao walijaa uani hadi hatukupata mahali pa kuanika nguo. Nikaona kwamba yai lenyewe halikuwa na ugomvi na mtu. Watu ndio walioketi mahali fulani, zamani, wakagawana.

Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani sote kabla ya kanisa. Palikuwa na chai, mkate, na mayai mawili ya kuchemsha kwenye bakuli, la Baba na la Wafula. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeyatoa mwenyewe, na kuku mmoja alikuwa amenidonoa. Nilinyoosha mkono nikachukua moja, nikaligonga ukingoni mwa meza.

"Nekesa," Kukhu akasema, "weka hiyo chini."

Niliendelea kuambua. Ganda lilikuwa linang'oka na nyama yake.

"Tumbo yako itafunga. Utaolewa, na watakurudisha kwetu."

Nilikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingemaliza kila kitu. Ningesema tu, Kukhu, hizo chapati unazosifu. Nikamtazama Mama, nikaona amesimama na birika mkononi, hamimini wala haliweki chini. Nikijua kwamba nikilisema, Kukhu hatakula tena chakula cha mkono wa Mama, nililimeza. Nikasema lile lililokuwa langu.

"Sijui kama nitazaa, Kukhu. Lakini kesho niko gwaride, na nimechoka kuanguka."

Nikauma. Baba aliinuka akasema anaenda kuangalia kuku, mtu ambaye hakujua hata kibanda kinafunguliwa upande gani. Wafula alitazama bakuli. Mama ndiye aliyekuja polepole, akaweka birika, akachukua kikopo cha chumvi kilichokuwa mbele ya Wafula, akakisogeza hadi karibu na sahani yangu. Kukhu aliona. Tangu siku hiyo hadi aliporudi Bungoma alikula akitazama ukuta, na Mama ndiye aliyebeba uzito wa kimya hicho. Lakini nilipata yai langu kila siku, mchana kweupe, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nasimama gwaride hadi mwisho.

Ningependa kusema hadithi iliishia hapo, nimeshinda. Niliolewa. Miaka ikapita bila mtoto, na jamaa wakaanza kukumbuka. Shangazi mmoja alikumbusha habari ya yai sebuleni kwangu, mimi nikiwa nampakulia chakula. Daktari alinionyesha kwenye picha mirija iliyoziba, akanieleza ugonjwa unaoiziba, na chakula hakikuwa na lake hapo. Nililia miezi mingi, sitaficha. Mwishowe ndoa ikavunjika nami nikahamia Kajiado mjini, kwenye nyumba yenye ua mkubwa, nikaanza kufuga kuku.

Kwa hiyo ukitaka kuhesabu hivyo, Kukhu alisema kweli kila neno. Mimi sihesabu hivyo. Kukhu alikuwa na dada yake aliyekufa bila mtoto, mwanamke ambaye hakuwahi kuonja yai maishani, na sikusikia hata siku moja mtu akiuliza yule alikula nini. Mwanamke asipozaa watatafuta kosa lake hadi walipate, na langu lilipatikana kwa urahisi kwa sababu sikulificha.

Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, Wafula alinipigia simu. Binti yake, Nafula, alikuwa anakuja kwangu likizo ya Agosti. Tulizungumza habari za nauli na sweta, kisha akashusha sauti.

"Sista, hiyo maneno ya mayai, usimpe sana. Si unajua."

Nikamuuliza najua nini. Akarudia habari ya nauli. Hasira iliyonipanda ilikuwa ileile ya utotoni. Huyu ndiye aliyekula kila yai nililotoa kiotani. Lakini katika sauti yake iliyoshuka nilisikia woga pia, woga wa baba mwenye binti mmoja tu, na sikuweza kumchukia kwa hilo. Nilimwambia mtoto atakula kwa akili yake.

Nafula alishuka kwenye basi akiwa mrefu, mwembamba, mwenye usingizi wa mchana ambao niliutambua. Asubuhi ya kwanza tuliingia kibandani pamoja. Nilichemsha mayai mawili, nikaliweka moja kwenye sahani yake, kisha nikamwambia yote kabla hajaligusa: gwaride, Yeyo, Kukhu, daktari, ndoa. Niliona ana haki ya kujua watu watakachomwambia siku moja. Alisikiliza akilizungusha yai kwa kidole.

"Na wewe, Senge," akaniuliza, kwa jina la kwetu la shangazi, "kama ungejua venye itaenda, ungekula?"

"Ningekula mawili," nikamwambia.

Akaligonga ukingoni mwa meza. Nikamsogezea chumvi.