Maswali Manne ya Sista Nereah

Ilikuwa mwaka wa 1968. La, nimekosea, ni 1969, maana ndio mwaka redio ilipotangaza kwamba watu wamekanyaga mwezini, na Machogu akasema kutoka kitanda chake cha hospitali, "Wao wamefika mwezini, mkono wangu haufiki hata mdomoni." Wadi nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

Machogu alikuwa mkulima wa Kiogoro na shemasi wa kanisa la Sabato. Kila Jumamosi alisimama mlangoni akiwasalimia waumini, mkono kwa mkono. Kisha kinu cha miwa kikautafuna mkono huo wa kulia, kikamwachia gumba na kidole cha mwisho.

Sista wa wadi, Nereah, mtu wa kule ziwani, alikuwa ameona jambo wengine wasilolijali: aliyekatika mkono hupona kidonda, kisha hunyauka mwenyewe. Basi kabla ya kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani, humuuliza maswali manne. Unalala? Unakula? Unalia? Umewahi kuona heri ufe?

Ila Kikisii hakukijua, na Kiswahili cha Machogu kilikuwa cha sokoni. Akamwita mfagiaji, Makori, awe mkalimani. Angejuaje kwamba Makori ndiye aliyemwoa Bonareri, binti ya Machogu? Kwetu mkwe na baba mkwe wana chinsoni, haya iliyosimama kati yao kama ukuta. Hata usingizi wa mzee, mkwe haulizi.

Maswali ya kulala na kula Makori aliyaruka kwa kukohoa, akamjibia mzee mwenyewe kwamba yote ni sawa.

"Muulize kama analia," sista akasema.

Makori akautazama ufagio wake, akasema kwa Kikisii, akimwita mzee baba: "Tata, mkono bado unauma?"

"Kidogo."

"Anasema halii, sista."

"Muulize kama ameona heri afe."

Neno hilo Machogu alilielewa. Wiki tatu alikuwa akilibeba peke yake, akingoja mtu alitaje.

Makori akauinamia ufagio. "Tata, u mzima?"

Na mkwe akikuuliza hivyo, jibu ni moja tu.

"Mzima."

Nereah akaandika, akafurahi, akamruhusu.

Nyumbani, kila Jumamosi Machogu alijificha migombani asije akapewa mkono. Mkewe Drusilla alimfuata huko. "Baba Bonareri, kanisani wanakuulizia."

"Waambie ni mzima."

Ushemasi akapewa mwingine. Drusilla naye akachoka kumfuata.

Baada ya miaka mitano akarudi hospitali ile, njia nzima akijizoeza Kiswahili. Sista Nereah alikuwa amehamishwa, hakuna aliyejua wapi. Karani wa dirishani akauona mkono.

"Mzee, hiyo ilipona zamani. Unataka nini?"

"Kuna jibu nilitoa hapa. Lilikuwa la uongo."

"Wacha mchezo, mzee. Anayefuata!"

Mama mwenye mtoto akampita kando. Machogu akalishika dirisha kwa vidole viwili vyake, akauliza polepole, asikosee neno: "Nikitaka kulibadilisha, niingie chumba gani?"