Tabaka za Theluji Kwenye Roshani Yangu

Nilimwambia binti yangu hivi: "Kesho saa sita mchana unipigie. Kama sikupokea, jua jibu langu ni hapana." Kesho yake, kabla ya saa sita, nikajifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe, kwenye roshani ya ghorofa ya kumi na nne, simu ikiwa ndani juu ya cherehani. Naanza na ujinga huo kwa sababu mke wangu ameshausimulia kwa nusu ya mtaa wetu wa Thorncliffe Park, na ni afadhali muupate kwangu kabla haujazidi kuongezwa chumvi.

Hakuna aliyenisukuma. Milango ya roshani zetu ni ya kioo, inateleza kwenye reli. Tulipohamia, mtu mmoja msikitini aliniambia kufuli zake ni za mchezo, dawa ni kulaza mti kwenye reli kwa ndani, mlango usiende popote. Nikakata mpini wa ufagio. Mimi ni fundi cherehani, kupima ndiyo kazi yangu, na mpini ule ulienea kwenye reli kama kidole kwenye pete. Mke wangu aliuliza ni mwizi gani atapanda ghorofa kumi na nne kwa nje aje kuiba suruali za watu zinazongoja kupunguzwa. Nikamjibu ndiyo maana hajaja, amesikia habari za ufagio.

Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikajifunza cherehani kwa mjomba, na tangu siku hizo sijaona faida ya kutoka kama wateja wanakuja wenyewe. Toronto ilinifaa kuliko nilivyotarajia: ni mji unaokupa sababu za kukaa ndani miezi mitano mfululizo. Kila asubuhi niliandika kwenye kalenda ya jikoni hali ya nje: nyuzi ngapi chini ya sifuri, theluji kiasi gani, upepo unatoka wapi. Si elimu iliyonisukuma. Ulikuwa ushahidi. Mke wangu, ambaye huamka alfajiri kwenda kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, akiniambia niende dukani, nilimwonyesha kalenda. "Soma mwenyewe," nilimwambia. "Leo haitokeki." Yeye alikuwa tayari ametoka na kurudi.

Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia binti yetu. Tulimwomba Mungu atupe mwalimu, au mfamasia, au mtu yeyote wa kukaa kwenye kiti. Akasoma jiografia. Mwaka wa pili chuo kiliwapeleka magharibi kuona milima, na nadhani mwili ndio uliorudi peke yake. Alipomaliza akaenda kufanya kazi kwenye mlima mmoja wa watu wa kuteleza kwenye theluji, akishika kamba na koleo, akiwafuata walinzi wa mteremko asubuhi. Majira mawili ya baridi. Kisha akapata nafasi ya kujifunza kazi yenyewe: kutabiri maporomoko ya theluji juu ya barabara kuu inayopita kati ya milima. Msikitini nilisema amepata kazi ya hali ya hewa. Wiki nzima watu walimtafuta kwenye televisheni.

Alinieleza kazi hiyo kwa simu. Huzungumza Kiingereza na mimi namjibu Kiswahili, kila mtu anabaki kwake na tunaelewana. Asubuhi wanachimba shimo kwenye theluji mpaka chini, wanaukata ukuta wake wima, wanaangalia tabaka. Wanapima ubaridi wa kila tabaka, wanagongagonga juu kwa koleo waone ni ipi itakayoachia. Alasiri wanaandika taarifa: leo mlima huu hatari kiasi gani, upande gani, kwa sababu gani.

"Na nani hufanya kazi hiyo?" nikamwuliza. "Wana shahada gani?"

Akacheka. Mmoja kati ya watakaokuwa wakubwa zake alizaliwa kwenye familia ya madereva wa magari ya kusukuma theluji. Mwingine alisoma fizikia akachoka na chumba. Mama mmoja aliongoza watu mlimani miaka mingi, mpaka siku rafiki yake alipofunikwa na theluji, na baada ya hapo akataka kujua kwa nini. Yuko pia mzee ambaye kwanza alikuwa mpishi wa kambi.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "kazi yenu ni kuwaambia watu wakae nyumbani."

"Siku nyingine, ndiyo, Baba."

"Kazi hiyo mimi naifanya bure tangu tuje nchi hii."

Lakini hakupiga simu ili tucheke. Alitaka radhi yangu. Alikuwa mtu mzima, angeweza kutia sahihi bila mimi, na hakuna ofisi ya Kanada inayouliza kama baba ameridhia. Lakini nilikuwa nimemlea mwenyewe, na alijua kwamba kwetu mtoto akiondoka bila radhi, kila baya litakalompata baadaye limeshapata sababu. Alipofika hapo akaacha Kiingereza. "Baba, nataka radhi yako," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa safi, kama nguo inayovaliwa sikukuu tu. Nami nikaishikilia, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho yeye alikihitaji.

"Nitafikiri," nikasema.

"Kabla hujanijibu, fanya kitu kimoja. Roshani yako haijafagiwa tangu Desemba, najua. Kata ile theluji ya pembeni, uangalie ukuta wake. Kisha uniambie umeona nini."

Nikamwambia nina kazi ya watu. Ndipo nikatamka ile ya kama sikupokea.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alikuwa kazini. Nilishona zipu mbili, nikatengua moja niliyoishona kichwa chini, na saa tano na nusu nikaona heri nitoke mara moja niione hiyo theluji, angalau nipate la kumpinga nalo. Nilivaa msuli, sweta na kandambili, kwa kuwa ni dakika mbili tu. Nilichukua kizoleo cha taka na futi yangu ya shingoni. Mpini wa ufagio niliuinua kwenye reli nikausimamisha kwenye kona ya mlango kwa ndani. Nilipokwisha kutoka nikauvuta mlango nyuma yangu kwa nguvu, joto lisipotee.

Theluji ya pembeni ilifika magotini. Niliikata kwa kizoleo kama mtu anayekata keki asiyotaka kuila. Halafu nikachuchumaa.

Sikutegemea kuona kitu. Lakini ukuta ule ulikuwa na mistari. Juu kulikuwa na laini kama pamba, inchi nne na nusu kwa futi yangu. Chini yake ukoko mgumu, mwembamba kama kucha, unaong'aa, na mara moja nikaujua: ile mvua iliyoganda ikakata umeme jengo zima, tukala mkate kwa maji. Niliiandika kwenye kalenda. Chini ya ukoko kulikuwa na chembe kubwa kama chumvi ya mawe, hazishikani, nilipozigusa zikamwagika miguuni. Kisha tabaka ya kijivu ya zile siku za upepo kutoka kaskazini, nilipomkatalia mke wangu kwenda harusini Scarborough. Siku zote nilizokataa kutoka zilikuwa zimepangwa pale, moja juu ya nyingine, kama majora ya vitambaa dukani.

Nikasimama niende nikalete kalenda, nilinganishe. Nikavuta mlango. Haukuja.

Nilivuta tena. Kisha nikaweka paji la uso kwenye kioo nikatazama chini. Mpini wa ufagio ulikuwa umelala kwenye reli, umenyooka, kila ncha mahali pake. Nilipoubamiza mlango ndipo ulipoanguka. Sikuwahi kupima kitu vizuri hivyo maishani mwangu.

Sasa, mtu mwenye akili angepiga kelele. Mimi niliona haya. Nyuma ya ukuta wa bati unaotenga roshani yetu na ya pili nilisikia sufuria ya mvuke ya jirani ikipiga mluzi. Jirani huyo ni mama wa Kiismaili aliyezaliwa Mwanza, mjane, amekaa Kanada tangu sijaota ndevu, na Kiswahili chake hakina kona. Ningeokolewa na mtu yeyote ila si yeye. Kwa hiyo nikasimama. Nikajaribu kusukuma kioo kwa bega, kisha kwa bega la pili, kana kwamba lile la kwanza ndilo lenye kosa. Chini kabisa watu walipita kwenda madukani, wamevaa makoti, wadogo kama vifungo. Vidole vya miguu vilianza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na hilo la pili sikulipenda.

Simu ikaita.

Niliiona kupitia kioo, ikitetemeka juu ya cherehani karibu na mkasi. Ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Nilijua mtoto amekaa mahali fulani kwenye baridi yake na anahesabu miito, na kila mwito unamwambia hapana, kwa maneno yangu mwenyewe. Ilipoita mara ya tatu nikaligonga bati la jirani kwa kizoleo.

Mlango wake ukafunguka. Kichwa chenye mtandio kikachungulia kwenye mwanya kati ya bati na reli ya roshani.

"Fundi," akasema. "Unafanya nini na msuli huko nje?"

"Mlango umejifunga, mama."

"Mlango haujifungi."

"Ufagio umeanguka."

"Ngoja. Mkeo ameniachia ufunguo."

"Mama, mlango wa mbele nimeutia na mnyororo."

Alinitazama kama anavyotazama nyanya sokoni. Akaingia ndani, nikamsikia akimpigia msimamizi wa jengo aje na mkasi wa kukatia chuma, akirudia mara mbili kwamba ndiyo, ni roshani, na ndiyo, ni mtu mzima. Aliporudi nikamwomba simu. Tena ikabidi nikiri kwamba namba ya mwanangu siijui kwa kichwa, imebandikwa kwenye friji.

"Mimi ninayo," akasema. "Hunipigia kila Ijumaa. Wewe unampa makaripio, mimi nampa mapishi." Mkono wenye bangili ukapita kwenye mwanya, na simu ndani yake.

"Hello, bibi?" Sauti yake ilikuwa nzito.

"Ni baba."

"Hukupokea."

"Nilikuwa nje."

"Nje wapi?"

"Roshani. Niko nje bado. Mlango umefungwa kwa ndani."

Nilingoja kicheko. Hakikuja, nami nikaogopa kuliko mwanzo. Sauti yake ilibadilika, ikawa tambarare, ya mtu aliye kazini. Umevaa nini? Miguuni? Toka juu ya theluji, simama kwenye kitu kikavu. Kulikuwa na kipande cha zulia la zamani, nikasimama juu yake. Mikono kwapani, zamu kwa zamu. Nani anajua uko hapo? Anayekuja amesema dakika ngapi? Nilijibu kila swali kama mwanafunzi. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote wa nyumba yangu akiongea bila wasiwasi kuhusu baridi.

"Nimeikata theluji," nikamwambia.

"Kweli?"

"Nimeipima kwa futi." Nikamweleza pamba, ukoko, chumvi ya mawe.

"Hiyo chumvi ndiyo mbaya, Baba. Inakaa kimya chini hata mwezi mzima. Siku mtu akipita juu, yote inaondoka naye."

"Hata hapa kwangu?"

"Kwako hakuna mteremko. Hapo kitu hakiwezi kwenda popote."

Nilihisi nimetajwa mimi. Akaendelea, taratibu, kwamba kwenye usaili walimwuliza nani alimfundisha kuandika hali ya hewa kila siku bila kuruka hata moja, kwa kuwa wengi wanaojua mlima hawajui kuandika. Aliwaambia habari za kalenda ya jikoni.

"Uliwaambia nilikuwa naandika ili nisitoke?"

"Niliwaambia hukuwahi kukosa siku." Kisha, kwa kile Kiswahili cha sikukuu: "Baba, jibu lako? Wananingoja mpaka saa sita ya huku."

Kwao wako nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo nilikuwa na muda wa karibu saa hizo tatu, zulia, na meno yanayogongana. "Nikitolewa hapa nitakupigia," nikasema. Hata wakati ule niliona aibu ya jibu hilo, lakini lilikuwa limeshatoka, na mimi kitu kikishatoka sijui kukirudisha ndani, kama mlivyoona.

Haya ni majira yake ya saba sasa. Kila alasiri ya baridi nafungua kompyuta nasoma taarifa yake, natafuta neno linaloonyesha kama amekula. Kwa hiyo mnajua nilimjibu nini. Lakini sitaki mdhani nililifikia jibu hilo kwa hekima.

Msimamizi wa jengo alikata mnyororo, akavuka sebule, akainua mpini wa ufagio kwa vidole viwili, nikaingia. Jirani aliniketisha kwenye kiti cha wateja, miguu kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Nikachukua simu yangu. Nilikuwa na sentensi tayari, na ndani yake mlikuwa na "lakini" tatu.

"Nitamwambia aende," nikasema, "lakini nasema tu, mama, milima si mahali pa mtu. Mtu akikaa nyumbani kwake, salama yake..."

Akaitazama ndoo, akautazama mnyororo uliokatwa ukining'inia mlangoni, akausukuma ule mpini kwa ncha ya kiatu.

"Fundi," akasema, "mwache mtoto aende. Kule angalau wanajua theluji inaua. Wewe umeshindwa na ufagio."