Muziki Chini ya Blanketi

Fundi hapa Gitega amewasha kompyuta kuukuu, na harufu ya vumbi linalopata moto ikanifika puani. Nimeketi tu.

Harufu hiyo ilikuwa ya chumba chetu cha mbele, Muyinga. Baba aliwaandikia watu barua kwenye mashine ya skrini nyeusi. Mama alipenda iwe inapiga muziki huku barua ikiendelea, muziki mwembamba kama wa mdudu aliyefungiwa koponi. Asubuhi moja, Mama akiwa amelazwa hospitali, Baba aliuwasha mwenyewe, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya. Kisha shangazi akafika kutoka hospitali peke yake, amebeba blanketi la Mama.

Baba alirudi kitini, akaanza kuchapa tangazo la kifo la kupeleka redioni. Muziki bado ulikuwa unapiga.

"Zima hiyo kitu," shangazi alisema. "Hapa iko kilio. Hakuna muziki mpaka siku ya kuganduka, matanga yaishe."

"Aliyejua kuuzima ni yeye," Baba alisema. "Nikizima mashine yote, tangazo linapotea."

Shangazi akaifunika mashine kwa lile blanketi, akaacha wazi skrini na vitufe tu. Muziki ukaendelea chini yake. Baba akachapa jina la Mama, akakosea, akafuta, akachapa tena.

Kuuzima kulikuwa kubonyeza vitufe viwili tu. Mama alikuwa amenionyesha. Nilikaa, mikono mapajani.

"Iko na muziki ndani," fundi ananiambia. "Nizime?"

Mikono yangu iko mapajani.